Vidonge vya Alhamisi

Mwaka 1961 Nyange Duni wa Jadida alipewa kaptula mbili za kaki, baiskeli isiyo na breki ya nyuma, bati la vidonge, na watu mia mbili na kumi na wawili wa kuwamezesha. Kaptula zilimpwaya. Baiskeli ilikuwa na tabia zake. Lakini wale watu ndio waliomtoa jasho.

Walikuwa wakaazi wa Kwa Mpera, kitongoji kimoja cha Ole, kisiwani Pemba, wakulima wa mihogo na karafuu. Homa walikuwa wakiijua kama mtu anavyomjua wifi yake: haipendwi, haifukuziki, na ikipita siku nyingi bila kuja watu huanza kuulizana kulikoni.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisema. Kila Alhamisi asubuhi Nyange awape wote vidonge vyeupe vya malaria, awatazame wakimeza, aweke tiki kwenye daftari. Kila mwisho wa mwezi awatoboe vidole, apake tone la damu kwenye kipande cha kioo, avipeleke vioo Wete. Huko Daktari ataviangalia kwa darubini ajue kama wadudu wa malaria wamekufa au wangali wanakula na kuzaana. Miezi sita ikitimia, dunia itajua dawa ile yafaa kiasi gani kwa watu wa nchi za joto na mvua. Daktari alisema "dunia", na Nyange alilichukua neno lile akalala nalo wiki nzima.

Daktari alikuwa Mzungu aliyeletwa kwa ajili ya malaria tu. Watu walimwita Bwana Mbu, kwa sababu alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na hakuja kwa mtu ila alitaka damu. Kiswahili alikisoma kitabuni, kwa hivyo kilikuwa safi mno, kama shati lisilowahi kuvaliwa.

Vidonge vilitolewa barazani kwa Bi Mgeni. Bi Mgeni alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mkunga, mtafuna tambuu, na ingawa jina lake ni Mgeni hapakuwa na mwenyeji wa kumshinda. Nusu ya kitongoji alikipokea yeye kikitoka matumboni, na alipomtazama mtu mzima alimtazama kama anayekumbuka alivyokuwa siku ile, hana nguo na analia.

Alhamisi ya kwanza watu walikuja wengi, wakauliza mengi. Damu inakwenda wapi? Haiuzwi? Si mambo ya mumiani haya? Nyange akajibu yote kwa subira. Mwisho akainuka Mzee Ame, bingwa wa bao wa Ole nzima, mwenye wake wawili na kikohozi.

"Na jogoo?" akauliza.

"Jogoo gani, mzee?"

"Jogoo, bwana. Mtu akimeza vino vidonge, jogoo atawika?"

Wanawake wakatazama pembeni wakiwa wametega masikio. Nyange, mwenye miaka ishirini na minane na hajaoa, akasema kwa sauti ya ofisini, "Atawika."

"Wajuaje, nawe huna banda?"

Baraza ikalipuka kwa kicheko. Na kwa sababu mtu aliyecheka huwa mwepesi wa kukubali, wakameza wote.

Balaa lilikuja Ijumaa. Shehe Hamad alikuwa juu ya mimbari akiwaonya watu na moto wa Jahanamu, mara akaanza kuwaka mwenyewe. Kwanza alijikuna kifua kwa heshima. Kisha mkono ukaingia ndani ya kanzu. Ulipotoka, safu ya mbele ilikuwa imeshaanza, na ya pili ikiifuata. Ngozi iliwasha bila kipele wala upele, kana kwamba mtu kajilaza kwenye upupu. Katika kusujudu watu walichelewa kuinuka, maana mkeka wa msikitini ulikuwa ukikwangua paji la uso vizuri sana. Mwaka huo siasa ilikuwa imewaingia watu hata ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa wamekigawa kisima chao kwa ua wa makuti, huyu wa chama hiki na yule wa kile. Siku ile walionekana nyuma ya msikiti, wamegeuziana migongo, wanakunana.

Nyange alimeza naye, akawashwa naye, lakini alikuwa mtu wa serikali. Alijikuna akiwa faraghani.

Alhamisi ya pili watu walikuja tena, wakapokea vidonge, wakanywa maji, wakasema ahsante. Hakuna aliyelalamika. Nyange akastaajabu kwa jinsi walivyozoea upesi. Akaweka tiki mia mbili na kumi na mbili, kila moja ina mkia.

Hakujua kwamba usiku wa Jumapili Bi Mgeni alikuwa ameshatoa fatwa yake. Mtafuna tambuu wa miaka arobaini ana mfuko shavuni ambao serikali haiujui, baina ya ufizi na shavu, pahala pa kuweka tambuu wakati wa kuzungumza na wakwe. Kidonge kinaingia hapo. Unakunywa maji, unasema ahsante, unakwenda zako, unatema. Wasiotafuna tambuu walifundishwa. Watoto walijifunza kwa mama zao kabla ya wiki kwisha. Vyama viwili visivyokubaliana hata juu ya bei ya chumvi vilikubaliana juu ya hilo bila mkutano wala karani.

Mwisho wa mwezi wa kwanza Bwana Mbu alikunja uso juu ya darubini. Vioo tisini na vinne vina wadudu. Mwezi wa pili, tisini na saba. Uso ukakunjuka. Mwezi wa tatu, mia moja na kimoja, na Bwana Mbu akamwita Nyange ofisini akampa kiti. Nyange hajawahi kupewa kiti mle.

"Nyange," akasema, "wadudu hawa hawafi. Watu wamemeza miezi mitatu, nao wangali hai! Hapa Ole amezaliwa mdudu mpya asiyejali dawa yetu. Je, unafahamu maana yake?"

Nyange hakufahamu, akatikisa kichwa cha kufahamu.

"Maana yake, majina yetu yataandikwa."

Kisha akamwambia kwamba mtaalamu mkubwa atakuja kutoka Bombay kuthibitisha, na kwamba baada ya hapo Nyange atafanywa msimamizi wa kazi hii kwa Pemba nzima, na baiskeli mpya yenye taa na breki mbili.

Jumatano iliyofuata Nyange alikwenda Kwa Mpera siku moja kabla ya siku yake, kwa furaha tu. Alimkuta Mzee Ame kakaa na bao lake, hana mpinzani, akakaribishwa. Alishacheza na mzee yule mara nne na mara nne amefungwa kwa aibu. Safari hii bahati ilimjia. Akapata pa kula, akachota kete za shimo kubwa, akaanza kuzitembeza. Kete moja ilimponyoka ikaanguka ubaoni isitoe mlio.

Kete ya komwe ni ngumu, hugonga mti ikasikika nyumba ya pili. Hii ilianguka kama mkate. Nyange akaiokota. Ilikuwa nyeupe, duara, kingo zimelika, katikati ina mstari. Akaigusa kwa ncha ya ulimi, na uchungu ule aliujua tangu Alhamisi ya kwanza. Akaangalia bao lote. Vilikuwamo vingine kumi na viwili.

"Komwe zilinipotea," akasema Mzee Ame bila kuinua macho. "Nikatia hizo badala yake. Tembeza, bwana, bado zamu yako."

Nyange hakutembeza. Alivuka uwanja hadi kwa Bi Mgeni, akamkuta anapepeta mchele, akamwekea kidonge kwenye ungo.

"Bi Mgeni. Hiki nini?"

Bi Mgeni akakiangalia. "Kino si changu. Vyangu vimo ndani." Akaingia, akatoka na kopo la samli lililojaa hadi shingoni. "Sikutupa hata kimoja. Mali ya serikali haitupwi."

Nyange akakaa chini barazani, kaptula yake ya kaki kwenye vumbi. "Wangapi wanatema?"

"Wangapi wanameza, ungeuliza, hesabu ingekuwa fupi."

"Mbona hamkuniambia, bibi yangu?"

"Kwani uliuliza? Ulikuja na kalamu, hukuja na masikio. Mwanangu, mie nikiwa na homa nalala kitandani, naletewa uji, nahurumiwa. Nikiwa na upupu wenu silali, sihurumiwi, nachekwa. Wee ungechagua kipi?"

Nyange akakumbuka kwamba hata yeye Ijumaa tatu alikuwa amejikuna kwenye nguzo ya nyumba yao mpaka mamake akamuuliza kama ameingiwa na ng'ombe.

Alirudi Wete akiwa amekata shauri kusema kweli. Njiani, penye mteremko, breki ya mbele ikagoma, akajikuta ndani ya majani, na pale majanini akaikumbuka ile baiskeli mpya. Akajiambia atasema kesho. Kesho yake akakumbuka tiki zake, mia mbili na kumi na mbili kila wiki kwa miezi mitatu, zote za uongo, zote kwa mkono wake. Akajiambia atasema Jumatatu.

Jumatatu Bwana Mbu ndiye aliyesema.

"Lete mabati yote ya vidonge. Kisitolewe hata kimoja mpaka mtaalamu aje. Hakuna faida kuwapa watu dawa isiyofanya kazi."

Nyange akayaleta. Maneno ya kweli yalimfika mdomoni, yakajibanza shavuni, akanywa maji, akasema ahsante.

Vuli ya mwaka ule haikunyesha, ilimwagwa. Mashamba yaligeuka vinamasi, mihogo ikaozea ardhini, na daraja dogo la njia ya Ole likaondoka na maji. Gari la abiria likaacha kuja. Mbu nao wakawa wengi hata ukipiga kofi hewani unaua wawili.

Alhamisi moja ya Novemba Nyange alifika Kwa Mpera saa nne ya asubuhi, baiskeli begani, matope mpaka kiunoni, amekuja kutoboa vidole vya mwezi ule. Barazani kwa Bi Mgeni watu wamejaa. Ndani alilala Moza, mjukuu wa Bi Mgeni, mtoto wa miaka minne. Homa ilikuwa siku yake ya tatu, na tangu alfajiri degedege limemkamata mara mbili. Walishamfukiza, walishamsomea, hirizi mbili zimo shingoni. Mwanawema, mama yake, alikuwa amemlaza mapajani akimpepea kwa kawa.

"Kaka Nyange," akasema, "nipe dawa."

"Sina, dada."

"Una bati."

"Bati wamelichukua. Wamesema haifanyi kazi."

Mwanawema akanyanyua uso. Alikuwa mwanamke mpole, hata kuku wake walimdharau. "Haifanyi kazi kwa nani? Nani aliyeimeza?"

Mvua ilisikika juu ya makuti, na watu mia moja walioitema dawa ile walitazama vidole vya miguu yao. Nyange alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ilikuwa imeshapasuka pahala pengi wiki ile na haikuwa na haja naye.

Wete hakwendeki, maji ya mtoni yalifika kifuani mwa mtu mzima. Bi Mgeni aliingia chumbani mbio akatoka na kopo lake la samli, akalipindua juu ya sinia. Paa lilikuwa limevuja. Kikaanguka kitu kama uji wa kijani, chenye sisimizi.

Bi Mgeni akaweka mkono mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza Kwa Mpera kumwona hana la kusema.

"Bao," akasema Nyange. "Mzee Ame! Bao lako!"

Mzee Ame hakuwa mtu wa kumpa mwenziwe hata komwe moja aishike. Lakini alitoka chini ya mvua bila kofia, akarudi na bao kichwani limefunikwa mwavuli, yeye mwenyewe analowa. Vidonge kumi na vitatu vilikuwemo, vikavu, vimesuguliwa na mikono ya wazee wote wa Ole. Vingine vilibaki nusu, vingine robo. Nyange akavichambua kama mtu achambuaye mchele, akachagua vile vilivyosalimika zaidi, akakisia kadiri alivyofunzwa kwa mtoto wa umri ule, akavisaga kwa mgongo wa kijiko, akachanganya na asali.

"Vilishakuwa vinywani mwa watu hivyo," mtu mmoja akanong'ona.

"Na wewe ulishakuwa tumboni mwa mtu," Bi Mgeni akamjibu. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Toka mlangoni, mtoto apate pumzi."

Wakangoja mpaka Moza akazindukana, akaweza kumeza. Kijiko cha kwanza alikitapika chote juu ya kaptula ya serikali. Nyange akasaga tena. Cha pili kilikaa. Akamkanda kwa kitambaa cha maji, akakaa pale, akahesabu saa kwa adhana: adhuhuri, alasiri, ampe kidogo tena, magharibi. Hakufikiri juu ya baiskeli hata mara moja. Alifikiri juu ya mikia ya zile tiki, alivyokuwa akiivuta kwa madaha.

Ijumaa homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Degedege halikurudi. Jumamosi asubuhi Moza alifumbua macho akaomba samaki. Kisha akaingiza mkono mgongoni.

"Anajikuna!" Mwanawema akapiga ukelele. "Jamani, mwanangu anajikuna!"

Watu wakaja mbio kumtazama Moza akijikuna, wakapiga vigelegele kama wanaotazama bi harusi.

Siku ileile Nyange akavuka mto kwa kuogelea, akaenda Wete na nguo mbichi, akasimama mbele ya Bwana Mbu akasema yote. Mashavu, kopo, bao, tiki. Bwana Mbu alimsikiliza huku akichonga penseli.

"Lakini daftari linasema wamemeza."

"Daftari nimeandika mimi, bwana."

"Ndiyo. Na mwandiko wako ni mzuri sana." Akaweka penseli chini. "Umechoka, Nyange. Mtoto mmoja si ushahidi. Nenda kalale."

Nyange akatoka nje hajui acheke au alie. Miezi mitatu alisema uongo akaaminiwa kama kadhi. Leo anasema kweli anaambiwa akalale.

Mtaalamu wa Bombay alifika baada ya siku kumi. Alikuwa mzee mfupi wa Kihindi, mwenye tumbo la amani na sanduku la mbao lililojaa vichupa. Alisikiliza habari ya mdudu mpya mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mikojo mmeipima?"

Bwana Mbu akasema wamepima damu.

"Damu inaniambia mdudu yuko hai," mzee akasema. "Mkojo utaniambia kama alikutana na dawa. Dawa hii hukaa mwilini wiki nyingi. Aliyeimeza, hata leo tutamjua."

Basi wakaenda Kwa Mpera, wakawapanga watu, kila mtu na kichupa chake.

"Damu mlichukua tukanyamaza," Bi Mgeni akasema, ameshika kichupa kwa vidole viwili. "Leo mwataka na ino. Kesho mtataka nini?"

"Bi Mgeni," Shehe Hamad akasema, "tusiizungumze kesho."

Wanaume walikwenda migombani, wanawake walikwenda majumbani, na kwa saa nzima Kwa Mpera kulikuwa na ukimya wa watu wenye shughuli. Mzee Ame alirudi mara mbili kuomba radhi kwa kuchelewa. Alilaumu hali ya hewa. Vichupa vikapangwa juu ya meza. Mzee wa Bombay akaeleza kwamba atatia matone ya dawa nyekundu, atatikisa, na mkojo wa aliyemeza utaonyesha rangi ya zambarau chini ya kichupa. "Na wafanyakazi pia, maana nao walitakiwa kumeza," akasema. "Wote. Ndio utaratibu." Nyange akatoa chake. Bwana Mbu akacheka kidogo, akaenda migombani kama watu wengine.

Mzee akatia matone. Kichupa kimoja, hamna. Cha pili, hamna. Ishirini, hamna. Mia, hamna. Uso wa Bwana Mbu ulikuwa unabadilika kuliko vichupa. Kikaja cha Nyange: zambarau. Cha Moza: zambarau, na mama yake akakipungia mkono. Halafu tena hamna, hamna, mpaka kikatokea kimoja chenye zambarau iliyokolea kuliko zote.

"Nani huyu?"

"Mimi," akasema Shehe Hamad.

Watu wote wakamgeukia. "Shehe! Ulikuwa unameza?"

"Nilisema mbele ya watu kwamba nitameza. Ningefanyaje?"

"Na kuwashwa?"

"Niliwashwa," Shehe akasema kwa unyonge. "Kila Ijumaa. Nyinyi mkijikuna nilidhani tunasubiri pamoja. Kumbe mlikuwa mnaigiza."

Mzee wa Bombay akafungua daftari la vioo vya damu, akatafuta jina la Shehe. Mwezi wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu, safi. Akamwonyesha Bwana Mbu kwa kidole. Kisha akachukua kichupa cha mwisho, akatia matone, akatikisa, akakiinua juani. Kilikuwa cheupe kama maji ya dafu.

"Na hiki cha nani?"

Mzee akasoma karatasi iliyobandikwa. Akamtazama Bwana Mbu.

"Mimi hulala ndani ya chandarua," akasema Bwana Mbu.

"Nasi hulala ndani ya nyumba," akasema Bi Mgeni.

Bwana Mbu akawa mwekundu kutoka kwenye kola hadi masikioni. Alitazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza Kiswahili chake kikatoka kimevaliwa. "Vichungu bwana," akasema. "Vichungu mno."

Kicheko kilichotoka Kwa Mpera siku ile kilisikika mpaka njia kuu. Mzee Ame alikohoa mpaka akashikwa mgongo. Na ajabu ni kwamba tangu saa ile watu walimpenda Bwana Mbu. Akakaribishwa ubwabwa, akala kwa mkono, akafundishwa bao, akafungwa.

Mzee wa Bombay alikaa na Bi Mgeni barazani. "Sasa niambie, mama. Kuwasha nakujua, kunawapata wengi. Lakini mbona hamkuvumilia hata kidogo?"

"Alhamisi," akasema Bi Mgeni.

"Alhamisi ina nini?"

"Ina Ijumaa."

Mzee akamtazama Bwana Mbu, Bwana Mbu akamtazama Nyange, Nyange akatazama bati. Watatu hao walikuwa wamesoma, baina yao, miaka isiyopungua arobaini.

Vidonge vikahamishiwa Jumamosi, baada ya mashauriano yaliyochukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Kuwasha hakukuondoka, lakini mtu alijikuna Jumapili na Jumatatu shambani kwake, mbele ya mihogo, ambayo haicheki. Na Bi Mgeni akapewa kazi ya kukagua mashavu. Alitia kidole mwenyewe, mpaka kwenye magego, na hakuna mfuko asioujua. Mzee Ame alijaribu mara moja; akang'olewa kidonge pamoja na jino lililokuwa likingoja sababu.

Mpaka inakaribia Ramadhani, vioo vyenye wadudu vilikuwa tisa tu. Bwana Mbu aliandika ripoti yake, ndefu, ambayo ndani yake hamkuwa na mdudu mpya wala jina la mtu. Aliandika kwamba dawa inafanya kazi vizuri sana, ikiwa ndani ya mtu. Inasemekana huko ilikopelekwa sentensi hiyo ilifutwa kwa sababu haikuwa ya kitaalamu.

Kwa Mpera wenyewe hawakudanganyika. Vidonge vilipokwisha na wataalamu wakaondoka, mbu walibaki, na mvua za masika zilipoanza homa ikaanza kubisha hodi kwa huyu na yule. Ila sasa mtoto akishikwa hakungojewa siku tatu. Alipelekwa Wete siku ileile, na aliyekataa kumeza alimezeshwa na Bi Mgeni.

Nyange aliandikiwa barua ya onyo kwa ajili ya zile tiki. Baiskeli mpya alipewa mtu mwingine, mpwa wa karani. Yeye akapelekwa kisiwa cha Fundo, ambako baiskeli haina kazi, aanze upya na wavuvi mia tatu na daftari jipya.

Aliposhuka mashuani watu walikuwa wamekaa ufukweni wanashona nyavu. Akawaamkia, akakaa nao mchangani, hakufungua daftari. Akawaambia kwamba dawa ni chungu, kwamba inawasha siku mbili tatu, na kwamba inaokoa, kaona kwa macho yake. Kisha akauliza siku gani ya wiki itawafaa.

Wakabishana mpaka jua likawa utosini. Mmoja akataka Jumanne, mmoja akasema Jumanne wanakwenda baharini, mwingine akasema iangaliwe bamvua kwanza, maji makubwa ya mwezi, siku baadaye. Mwisho mwanamke mmoja aliyekuwa akiparua samaki akainua kisu.

"Sie itatufaa siku ambayo wewe huji," akasema.

Nyange akacheka, akavua viatu, akaomba kisu cha pili amsaidie kuparua.